Rolex: jina lililoletwa na jini, zawadi za Sultani, na mataji feki yanayozagaa mjini

Lile taji dogo lenye ncha tano kila mtu analijua. Hata asiyejua kusoma saa analijua. Msimu wa karafuu ukikolea na vijana wa Mkoani wakashika mkwanja, au harusi zikianza kumiminika baada ya Idd, angalia mikono ya watu. Taji huku, taji kule. Wachache wamevaa za kweli, zilizotoka Maskati kwa ami au mjomba. Wengi wamevaa za elfu thelathini. Mastaa wa bongo fleva nao ndio usiseme, video haiishi mpaka mkono uinuliwe karibu na kamera, taa ipige, saa iwake.

Lakini uliza sasa: hii saa ilianzaje? Nani aliileta? Kwa nini Omani na Rolex wana historia yao ya peke yake? Hapo baraza zima kimya.

Basi twende taratibu, mdau. Na kabla ya safari kuanza shika jambo moja: baadhi ya Rolex zenye jina kubwa kuliko zote duniani hazikununuliwa na waliozivaa. Walipewa.

YATIMA ALIYEKUWA ANATIA SAA UFUNGUO

Watu wengi wanadhani Rolex ilianzishwa na Mswisi, tena fundi saa. Hapana kwa yote mawili. Mwanzilishi anaitwa Hans Wilsdorf, Mjerumani, kazaliwa mwaka 1881 mji wa Kulmbach. Alipofika miaka 12 tayari alikuwa yatima, mama na baba wote washafariki. Wajomba zake wakauza biashara ya familia, yeye akapelekwa skuli ya bweni.

Mwaka 1900 akapata kazi La Chaux-de-Fonds, Uswisi, kwenye kampuni iliyokuwa ikiuza saa nchi za nje. Alikuwa karani wa barua za Kiingereza, na juu ya hapo kila siku akizitia ufunguo saa mamia na kuangalia kama zinakwenda sawasawa. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyomfundisha saa nzuri ni ipi na mbovu ni ipi.

Baadaye akahamia London. Mwaka 1905 akafungua biashara na shemeji yake Alfred Davis, wakaiita Wilsdorf & Davis. Mchezo wao ulikuwa kuleta mitambo ya saa kutoka Uswisi, kuitia kwenye makasha mazuri, kisha kuwauzia wenye maduka.

Kumbuka, wakati huo mwanamume wa maana alibeba saa ya mfukoni yenye mnyororo. Saa ya mkono ilionekana pambo la kike, tena isiyoaminika kwa wakati. Wilsdorf akashikilia hiyo hiyo iliyodharauliwa.

JINI LA LONDON

Sasa hapa ndipo msomaji wa Pemba atacheka. Kisiwa hiki kila siku kinasingiziwa mambo ya majini, kumbe hata Rolex ina jini lake.

Wilsdorf alitaka jina fupi, linalotamkika kwa lugha yoyote, na linaloenea vizuri kwenye uso wa saa. Akachanganya herufi kila namna, akapata majina mamia, hakuna lililomkaa. Kwa masimulizi yake mwenyewe, asubuhi moja alikuwa amekaa ghorofa ya juu ya basi la kuvutwa na farasi, mtaa wa Cheapside, jini likamnong'oneza sikioni: Rolex. Jina likasajiliwa mwaka 1908.

Herufi tano tu. Leo ukifika Uganda na kusema unataka rolex, utaletewa chapati iliyokunjwa na mayai ndani, moto moto. Wenyewe wanasema inatokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa. Hilo jini lilifanya kazi kuliko lilivyotumwa.

Jina peke yake halikutosha. Mwaka 1910 saa ya mkono ya Rolex ikapata cheti cha usahihi kule Bienne, Uswisi. Mwaka 1914 ikaja bao kubwa: kituo cha Kew, Uingereza, kilichokuwa kikipima saa za mabaharia, kiliijaribu Rolex ndogo ya mkono kwa siku 45 kikaipa cheti cha daraja A. Hakuna saa ya mkono iliyowahi kupata kitu hicho kabla yake.

Mara Vita vya Kwanza vya Dunia vikaingia. Jina la Wilsdorf ni la Kijerumani na yeye yuko London, unaelewa hapo. Mwaka 1915 kampuni ikaitwa Rolex rasmi. Mwaka huo huo Uingereza ikapandisha ushuru wa saa zinazotoka nje hadi asilimia 33. Biashara ikawa ngumu, na mwaka 1919 Wilsdorf akahamishia makao Geneva. Hapo ndipo Rolex ilipogeuka kuwa Mswisi.

CHAZA ALIYEVUKA BAHARI

Adui wa saa za zamani alikuwa maji, vumbi na jasho. Mwaka 1926 Rolex ikatoa saa ambayo mfuniko wake wa nyuma unafungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, na kile kichwa cha kutilia ufunguo nacho kinazungushwa mpaka kikabana. Wakaiita Oyster, yaani chaza. Mvuvi yeyote wa Pemba anaelewa kwa nini: chaza akijifunga, kumfungua ni kazi.

Watu hawakuamini. Oktoba 1927 Mwingereza mmoja, Mercedes Gleitze, aliogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Akatokea mwengine akadai naye kavuka, tena kwa muda mfupi zaidi, kumbe uongo. Watu wakaanza kumtilia shaka hata Gleitze. Akasema sawa, narudia. Wilsdorf akampa saa ya Oyster aivae shingoni. Maji yalikuwa baridi ya kuua, baada ya saa zaidi ya kumi wakamtoa kabla hajafika. Lakini ile saa ilitoka majini inakwenda kama kawaida. Wilsdorf akalipia ukurasa wa mbele mzima wa gazeti la Daily Mail kuitangaza. Kwa lugha ya leo, huyo ndiye balozi wa kwanza wa Rolex.

Mwaka 1931 ikaja Perpetual, saa yenye kipande cha chuma ndani kinachozunguka kwa kutikisika mkono, hivyo inajitia ufunguo yenyewe. Betri haimo.

SAA ZA MKOPO KWA WAFUNGWA

Kisa hiki wengi hawakijui, na ndicho kinachomwonesha Wilsdorf alikuwa mtu wa aina gani. Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Kiingereza waliotekwa na Wajerumani walikuwa wakinyang'anywa saa zao. Wilsdorf, akiwa Geneva, akakubali wamwandikie barua kutoka kambini na kuagiza saa. Saa wakatumiwa. Malipo? Mpaka vita viishe.

Fikiria. Mtu yuko nyuma ya waya wa miba, kesho yake haijui, na unampelekea saa ya thamani kwa neno lake tu. Wafungwa wakajua yuko mtu huko nje anayeamini kwamba watatoka. Mmoja wa wafungwa wa kambi ya Stalag Luft III aliagiza yake na kuilipia baada ya vita. Miaka mingi baadaye saa hiyo ilipigwa mnada pamoja na barua zake, kwa pesa ndefu.

Wilsdorf hakuacha mtoto. Mkewe alifariki mwaka 1944, na baada ya hapo akaanzisha taasisi yenye jina lake. Alipofariki mwaka 1960 kampuni ikawa mali ya taasisi hiyo, na hadi leo haina wanahisa wa kugawana faida, sehemu ya mapato yake inakwenda kwenye mambo ya hisani. Wazanzibari wana neno lao kwa jambo linalofanana na hilo: wakfu. Yatima wa Kulmbach aliacha wakfu.

MODELI ZINAZOTAMBA

1. Datejust (1945). Saa ya kwanza ya mkono ya kujitia ufunguo, isiyopitisha maji, inayoonesha tarehe kwenye kidirisha. Ile lenzi inayokuza tarehe ilikuja miaka ya 1950. Ndiyo saa ya harusi na ya ofisi.

2. Explorer (1953). Ilizaliwa na kelele za mlima Everest. Msafara wa Hillary na Tenzing ulikuwa na saa za Rolex, na pia za Smiths za Kiingereza, ndio maana mpaka leo watu wanabishana ipi iliyofika kileleni.

3. Submariner (1953). Saa ya wazamiaji, mwanzo ilistahimili mita 100, leo 300. Sean Connery aliivaa kwenye filamu ya kwanza ya James Bond mwaka 1962, basi ikawa moto. Watalii wanaokuja Pemba kuzamia kuangalia matumbawe wengi hawaruhusiwi kupita mita 40. Kwa hiyo mita 300 kwenye uso wa saa mara nyingi ni za kupigia stori tu. Rolex ilishakwenda mbali zaidi: mwaka 1960 saa maalumu ilifungwa nje ya chombo cha Trieste kikashuka mita 10,916, sehemu ya chini kabisa ya bahari, ikarudi inafanya kazi.

4. GMT-Master (1955). Ilitengenezwa kwa marubani wa shirika la Pan Am, waone saa za nchi mbili kwa wakati mmoja. Hii ingefaa kila nyumba yenye ndugu Omani, maana Maskati wako mbele ya Pemba kwa saa moja kamili. Saa tatu usiku Mkoani, kule saa nne. Tena huku mshale ukiwa kwenye 9 watu wanasoma tatu. Rubani wa Pan Am angechanganyikiwa.

5. Day-Date (1956). Inaandika jina la siku lote, na inapatikana kwa lugha 26, Kiarabu kikiwemo. Wanaiita saa ya marais, Lyndon Johnson wa Marekani alikuwa nayo. Inatoka kwa dhahabu au platinamu tu, ya chuma haipo. Kwa vile wanaume wengi wa Kiislamu hawavai dhahabu, ukiona "Day-Date ya chuma" mkononi mwa mtu jua hiyo kiwanda chake si Geneva.

6. Daytona (1963). Saa ya mashindano ya magari. Ilipotoka haikuuzika, ilikaa madukani mpaka wauzaji wakachoka. Leo watu wanaiandikia majina kwa miaka.

Kwenye Daytona ndipo kuna kisa cha mwigizaji Paul Newman. Mkewe Joanne Woodward alimnunulia moja, nyuma akaiandikisha maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Mwaka 1984 Newman alimuuliza kijana aliyekuwa mchumba wa binti yake saa ngapi. Kijana akasema hana saa. Newman akaivua yake akampa. Oktoba 2017 saa hiyo ikauzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Daytona nyingine za aina hiyo zipo. Lakini ile ilitoka kwa mke kwenda kwa mume, ikatoka kwa mzee kwenda kwa kijana.

JAMBIA LA SULTANI

Sasa njoo nyumbani.

Julai 1970 Qaboos bin Said alishika nchi Omani. Alikuta nchi maskini, skuli za kuhesabu, na vita vikali kule Dhofar kusini. Uingereza ilimsaidia kwa maofisa na makomando wa SAS, na vita vikamalizika katikati ya miaka ya 1970.

Sultani aliwashukuru watu wake kwa saa. Aliagiza Rolex kupitia duka la Asprey la London, na usoni mwake ikachapwa alama ya Omani: jambia, lile wenyewe wanaloliita hanjari, limelala juu ya panga mbili zilizokatana. Kulikuwa na Daytona, Submariner, Sea-Dweller, Day-Date na nyinginezo. Baadhi zina jambia jekundu, baadhi la dhahabu, na zipo zenye sahihi ya Qaboos kwa Kiarabu. Walipewa wanajeshi, maofisa, wageni na watu waliomtumikia.

Wengi waliopewa hawakuzifungia kabatini. Walizivaa kazini, jangwani, baharini, zikachubuka. Leo zikitokea mnadani London, Geneva au Dubai, wakusanyaji wanatoana macho. Jambia dogo lisilofika hata ukubwa wa punje ya mchele linaweza kuzidisha bei ya saa mara kadhaa. Na wanunuzi wanataka ushahidi: barua, picha, kasha la Asprey, jina la aliyepewa. Bila ya hadithi, bei inashuka.

Kwa nini hili liwahusu watu wa Mkoani? Kwa sababu Omani ya Qaboos ilijengwa pia na watu wa visiwa hivi. Tangu enzi za Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja karne ya 19, Pemba na Omani zilikuwa kama vyumba viwili vya nyumba moja, na mashamba ya mikarafuu ndiyo yaliyofunga undugu huo. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Watu waliuawa, familia zikagawanyika, wengine wakakimbia na nguo walizovaa. Qaboos alipoingia mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi wajenge nchi. Wakatoka Zanzibar, bara, Kenya, Misri, Uingereza na kwingineko. Wengi Kiarabu chao kilikuwa cha kubahatisha, ila skuli walisoma na Kiingereza walikijua. Wakawa walimu, madaktari, wahandisi, polisi. Ndio maana hadi leo Maskati unaweza kununua mkate, ukagombana na dereva na ukapatana naye, yote kwa Kiswahili.

Watu hao ndio walioanza kutuma. Vitambaa, redio, mafuta ya udi, na saa. Si zote Rolex, tena si Rolex nyingi. Seiko 5, iliyoanza mwaka 1963 na inayojitia ufunguo yenyewe pia, imetembea mikono mingi ya wazee wa mwambao. Lakini saa iliyotoka kwa ndugu uliyeachana naye kwa machafuko, ambaye hukujua kama yu hai, unaipimaje kwa bei ya dukani?

UTAIJUAJE FEKI

Turudi kwenye zile za elfu thelathini. Submariner mpya ya kawaida kabisa inauzwa zaidi ya dola 9,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20. Akikwambia mtu anayo "orijino" ya laki mbili, mshukuru, upite.

Sikiliza mlio. Rolex nyingi za sasa mshale wa sekunde unapiga mara 8 kwa sekunde moja, kwa macho unateleza tu. Ukiruka tik, tik, tik kama saa ya ukutani, hiyo ni ya betri. Rolex ilishatengeneza za betri zamani, lakini hutazikuta juu ya meza ya barabarani.

Angalia lenzi ya tarehe, inatakiwa ikuze mara 2 na nusu. Kwenye feki nyingi tarehe inabaki kadogo. Chungulia kioo usawa wa namba 6: saa za tangu miaka ya 2000 zina taji limechorwa dogo mno, bila ya mwanga mzuri hulioni. Geuza nyuma. Ukiona kioo kinachoonesha mashine inavyozunguka, kuwa na shaka kubwa, maana Rolex karibu zote zimefunikwa chuma tupu.

Ukishayajua hayo, bado feki nzuri zinawapiga chenga hata mafundi. Kwa saa ya pesa kubwa, ifunguliwe na fundi anayeaminika kabla pesa haijatoka mfukoni.

Na hapa pana neno kwa vijana. Kuvaa saa ya bei rahisi si aibu. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, inavaliwa na matajiri na wabeba mizigo bandarini, na haidanganyi mtu. Linalouma ni kijana kukopa pesa ya karafuu kabla hata hazijakauka, anunue taji la bandia, apige picha kumi za harusi ya mwenzake, kisha deni likae nyumbani miezi sita. Saa imekufa, deni lingali hai.

SAA YA BABU

Rolex ilikua kwa kuaminiwa. Mfungwa alipewa kwa mkopo, Newman alimpa kijana asiye na saa, Sultani aliwapa waliosimama naye. Taji lilikuja juu ya hayo, na hilo moja, lile la kuaminiwa, mwenye kutengeneza feki hawezi kulichapa.

Sasa pengine kwenye kabati la bibi, ndani ya kopo la biskuti, kuna saa ya zamani iliyosimama. Usiikimbilie kuipeleka ing'arishwe wala kubadilishwa uso, saa nyingi za thamani zimeharibiwa hivyo. Angalia usoni kama pana jambia, angalia nyuma kama pana maandishi. Ikiwa ni Rolex ya jambia, Mola kakuletea. Ikiwa ni Seiko ya kawaida iliyochubuka, sawa vilevile. Muulize bibi nani aliileta, mwaka gani, ilitoka wapi, na aliyeileta alirudi tena au la. Muulize mapema, maana saa iliyosimama fundi anaweza kuifufua, lakini anayeijua hadithi yake akishaondoka hakuna fundi.